Mjumbe Mjini: Kuiona Dar es Salaam kwa Posho Ndogo

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Vyama huwatuma wajumbe Dar es Salaam kwa mikutano, kwa mafunzo, au kufuatilia malipo ya mazao. Posho ya mjumbe ni ndogo, na ndivyo ipasavyo, kwa kuwa imetoka katika jasho la mkulima. Lakini udogo huo umezaa makosa mawili. Yuko mjumbe atakaye kuishi kitajiri kwa siku mbili; siku ya tatu hana nauli, naye huanza kuitupia jicho bahasha ya chama. Yuko mwingine auogopaye mji hata akajifungia chumbani na mkate mkavu, akarudi kijijini hana la kusimulia. Wa kwanza huwadhuru wanachama katika fedha. Wa pili huwanyima maarifa. Iko njia ya katikati, nayo haina gharama kubwa.

Jambo la kwanza ni mfuko. Fedha za chama na posho ya mjumbe zisilale mahali pamoja hata usiku mmoja. Tume iliyoundwa na Rais mwaka 1966 kuchunguza vyama vya ushirika ilikuta ubadhirifu na uongozi mbaya katika vyama vingi, na imani iliyopotea kwa wanachama hairudi upesi. Ubadhirifu nao huanza kwa kuazima kidogo. Kwa hiyo mjumbe akate kwanza tiketi ya kurudi. Kisha fedha za kulala azitenge zote tangu siku ya kwanza, na fungu dogo aliweke kwa ajili ya dharura. Kinachosalia akigawe kwa idadi ya siku. Hicho ndicho cha chakula na matembezi. Stakabadhi za chama azitunze katika daftari jioni kwa jioni, si siku ya kuondoka.

Jambo la pili ni usafiri. Mjumbe ashukaye katika kituo cha mabasi cha Mbezi hana haja ya kumfuata kila amwitaye kwa teksi. Daladala zipo. Jina lao lenyewe ni la watu wa kipato cha chini: latokana na “dala”, sarafu ya shilingi tano ya zamani. Yapo pia mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, ambayo yana njia yao wenyewe kati ya Kimara na Kivukoni. Wakati wa watu kwenda na kurudi kazini yafaa kusubiri kidogo, au kuushika mfuko vizuri.

Jambo la tatu ni matembezi. Katikati ya jiji hutembelewa kwa miguu. Mjumbe aliyemaliza shughuli zake katika Jengo la Ushirika, Mtaa wa Lumumba, avuke viwanja vya Mnazi Mmoja na kushika Barabara ya Samora mpaka Sanamu ya Askari. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na kuitazama hakuna malipo. Mbele zaidi, katika Mtaa wa Shaaban Robert, iko Makumbusho ya Taifa. Humo Mtanzania hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nchi za nje. Hapo ndipo penye fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Bustani ya mimea iko jirani, na ina kivuli kizuri cha kupumzikia.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Feri. Samaki hunadiwa asubuhi, na mwana ushirika atajifunza mengi kwa kusimama tu na kusikiliza bei zikipanda. Pantoni ya kwenda Kigamboni nayo ni matembezi ya baharini kwa nauli ndogo: kutoka majini huonekana bandari, meli, na kanisa la Mtakatifu Yosefu ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1897.

Kariakoo yahitaji siku yake. Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha vita ile ile inayokumbukwa na Sanamu ya Askari. Jengo la soko lilibuniwa na Mtanzania Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021, lakini biashara katika mitaa ya jirani haikukoma.

Jambo la nne ni chakula. Kanuni ni moja: mjumbe ale wanapokula wapagazi na makarani. Penye watu wengi chakula hakilali. Asubuhi yatosha supu kwa chapati, au chai na vitumbua. Mchana, kwa mama lishe, kuna wali kwa maharage, ugali kwa dagaa au samaki wa kukaanga. Aulize bei kabla ya kupakuliwa. Kuuliza si aibu. Jioni kuna mishikaki, mihogo ya kukaanga yenye pilipili, na kahawa chungu kwa kashata. Mjumbe atokaye Kagera au Kilimanjaro na akae barazani na wanywaji hao, aonje zao lake likiwa tayari kikombeni.

Hapa ndipo penye faida ya wanachama. Mjumbe alaye hotelini haioni bei. Huletewa hesabu tu. Atembeaye sokoni huona korosho za Mtwara katika vifuko vidogo, mchele wa Kyela katika madebe, maharage yakichambuliwa kwa daraja. Na aulize: kilo moja yauzwa kiasi gani, imepita mikono mingapi, mnunuzi anapenda daraja lipi na kwa nini. Majibu hayo ayaandike katika daftari lile lile la stakabadhi.

Basi katibu asimamapo mbele ya mkutano mkuu kutoa taarifa ya safari, asome hesabu ya fedha kwanza, kisha asome bei za sokoni. Wanachama watapima wenyewe kama posho yao ilikwenda bure.