Antena ya Kusikilizia Sauti za Ndege

Leo nataka kusema nanyi habari za antena, yaani waya wa kunasa sauti, kwa mtu apendaye kusikiliza marubani wasemavyo angani. Watu wa Makambako, na wa Ramadhani katika mji wa Njombe, huziona ndege zikipita juu sana; na maneno ya marubani hao yaweza kusikiwa huku chini.

Kwanza ni sheria. Kabla ya kununua chombo, uliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kama umeruhusiwa. Na neno ulisikialo usilitangaze.

Marubani husema katika megahezi 118 mpaka 137. Mawimbi hayo hunyoka kama mwanga. Ndege iliyo juu mita 10,000 yaweza kusikiwa kilomita 400, kama hapana mlima katikati. Lakini mwongoza ndege aliye chini katika kiwanja cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012 karibu na Mbeya, amefichwa na milima na mviringo wa dunia. Basi msikilizaji wa Makambako atamsikia rubani akijibu, asimsikie aliyemwuliza. Asidhani kuwa antena yake ni mbovu, akapoteza fedha kwa kununua nyingine.

Antena ifaayo ni rahisi. Twaa fimbo ya shaba ya sentimita 57, ambayo ni kama robo ya urefu wa wimbi, uisimamishe wima, kwa kuwa antena za ndege nazo ni za wima. Chini yake tia fimbo 4 za urefu huo, zilizotanuka kama miguu ya kigoda. Fimbo ya juu hufungwa kwa waya wa ndani wa kebo, na zile 4 kwa wavu wake wa nje, zisigusane. Antena hii husikia pande zote. Ile yenye mbavu nyingi husikia vema upande mmoja tu, na ndege hazikai upande mmoja.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka sauti ya angani sharti ainue. Iweke juu ya paa, mbali na nyaya za umeme, na kebo iwe fupi, maana kila mita hupunguza sauti.

Mwisho, radi. Mlingoti wa chuma ufungwe kwa waya mnene uliozikwa ardhini, na dalili ya mvua ikionekana chomoa kebo mapema. Ngurumo ikiisha kusikika, usiiguse tena.