Bei ya Hisa Siyo Thamani Yake

(Mada iliyotolewa na ofisi ya maendeleo katika semina ya kamati za uchumi za parokia. Tunaichapisha kwa faida ya kamati ambazo hazikuweza kuhudhuria, na kwa wahisani wetu ambao wamekuwa wakiuliza fedha za parokia zinatunzwaje.)



Mada hii tumeiandaa kwa sababu ya barua moja. Mwaka huu kamati ya parokia mojawapo ilituandikia ikiomba ruhusa ya kutoa fedha za kumalizia zahanati benki na kununulia hisa. Sababu waliyoitoa ni kwamba hisa hizo zimepanda sana, na fedha kukaa benki ni sawa na yule mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini.

Hatukuwacheka. Mfumuko wa bei unakula fedha iliyolala, na bati la leo halitauzwa bei hiyo hiyo mwakani. Kamati inayotaka fedha izae ni kamati iliyo hai. Lakini katika barua ile yote ya kurasa mbili hapakuwa na neno hata moja juu ya kampuni yenyewe: inapata faida kiasi gani, inadaiwa na nani, inalipa gawio kiasi gani. Kilichoandikwa ni kwamba bei imepanda, basi. Hilo ndilo tunalotaka kuzungumza nanyi leo.

KOSA LETU WENYEWE

Kabla ya kuwafundisha wengine, ni haki tuseme letu. Miaka kadhaa iliyopita ofisi hii ilikuwa inatunza Sh. 12,000,000 za kuezekea bweni la wasichana. Zilikuwa michango ya waumini: sadaka, mnada wa kuku na ndizi baada ya ibada, na akina mama waliouza vitumbua. Wakati huo kampuni moja ilikuwa inauza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza. Redio zilitangaza, na watu walipanga foleni benki kuchukua fomu. Nasi tukachukua.

Waraka wa matarajio, yaani kile kitabu ambacho kila kampuni inayouza hisa kwa umma inatakiwa kukitoa, tulipewa. Ulikaa mezani wiki mbili bila kufunguliwa. Tulinunua kwa sababu wengine walinunua.

Baada ya miezi kumi na minne kuta zilikamilika na fundi akahitaji bati na mbao. Bei ya hisa ilikuwa imeshuka kwa theluthi moja. Tulipoamua kuuza hivyo hivyo, dalali akatuambia hakuna mnunuzi. Tulisubiri wiki saba tukiuza kidogo kidogo kwa bei ya chini zaidi, na mwisho tukapata Sh. 7,300,000. Wasichana wale walilala madarasani msimu mwingine mzima wa mvua. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya waumini na kueleza. Hakuna aliyetutukana. Bibi mmoja aliuliza tu, "Kwani mlinunua nini?" Tulishindwa kumjibu, kwa kuwa kwa kweli hatukujua.

HISA NI KIPANDE CHA MASHINE

Tuanze na kitu tunachokifahamu sote: mashine ya kusaga. Tuseme parokia inataka kununua mashine ya jirani. Baada ya kutoa umeme, mshahara wa mwendeshaji, matengenezo na kodi, mashine inabakiza faida ya Sh. 1,500,000 kwa mwaka. Mwenyewe anataka Sh. 6,000,000. Kila mwanakamati hapa anaweza kupiga hesabu: fedha itarudi kwa miaka minne. Akisema Sh. 30,000,000 mtamwaga na kuondoka, kwa sababu itachukua miaka ishirini, na kabla ya hapo mashine itakuwa chuma chakavu.

Sasa ikateni mashine hiyo vipande 1,000. Kila kipande kinazalisha faida ya Sh. 1,500 kwa mwaka. Kwa bei ya kwanza kipande ni Sh. 6,000, kwa bei ya pili ni Sh. 30,000. Mashine ni ile ile, na unga ni ule ule. Hisa ni kipande hicho. Anayenunua kipande kwa Sh. 30,000 kwa sababu jana kiliuzwa Sh. 25,000, hajanunua mashine. Amenunua matumaini kwamba kesho atapatikana mtu wa kumlipa Sh. 35,000.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni hii: chukueni faida ya kampuni baada ya kodi, igawanyeni kwa idadi ya hisa zote. Hiyo ni faida ya kila hisa. Kisha gawanyeni bei ya hisa kwa faida hiyo, mpate miaka ya kurudisha fedha kama faida haitabadilika.

Hesabu ya pili inahusu madeni. Tuseme mashine yetu ya Sh. 6,000,000 ina mkopo wa Sh. 4,000,000 ambao haujalipwa na utakuwa juu ya mnunuzi. Hapo kilichobaki ni cha Sh. 2,000,000, na kipande ni Sh. 2,000. Katika taarifa za fedha jambo hili linaonekana kwenye mizania: mali zote, toa madeni yote, gawanya kwa idadi ya hisa. Kama madeni yanaongezeka kila mwaka kuliko mali, ulizeni kwa nini.

Hesabu ya tatu ni kulinganisha. Serikali hukopa kwa wananchi kupitia hati fungani zinazouzwa na Benki Kuu. Tuseme, kwa mfano tu, hati inalipa Sh. 10 kwa mwaka kwa kila Sh. 100. Mashine kwa bei ya Sh. 6,000,000 inatoa Sh. 25 kwa kila Sh. 100. Kwa bei ya Sh. 30,000,000 inatoa Sh. 5 tu. Mtu gani atahangaika na mikanda na spana apate Sh. 5, wakati akiikopesha Serikali anapata Sh. 10? Mwenye kubeba hatari zaidi anastahili kulipwa zaidi. Asipolipwa zaidi, bei ni kubwa mno.

FAIDA SIYO MSHAHARA

Hapa wengi husimama wakidhani wamemaliza. Bado. Tutazame mfano wa kweli ambao taarifa zake zimetangazwa wazi kwa wote, nao ni Benki ya CRDB, ambayo wengi wenu mnaijua.

Benki hii iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2009 baada ya kuuza hisa kwa umma kwa Sh. 150. Mwaka 2015 iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa Sh. 350. Mwaka huo faida ilikuwa zaidi ya Sh. bilioni 120, na hisa zote zikawa takribani bilioni 2.6. Pigeni hesabu yetu: faida ya kila hisa ni kama Sh. 46, na fedha inarudi kwa miaka saba hadi minane. Bei hiyo haikuwa ya ajabu.

Hata hivyo, mikopo chechefu iliongezeka, yaani mikopo ambayo wakopaji hawairejeshi inavyotakiwa. Faida ya mwaka 2017 ikashuka hadi takribani Sh. bilioni 36, sawa na kama Sh. 14 kwa hisa. Gawio la mwaka huo likawa Sh. 5. Bei nayo ikafuata, na kufikia mwaka 2019 ilikuwa chini ya ile Sh. 150 ya mwaka 2009.

Kisha benki ikajirekebisha. Faida ya mwaka 2023 ilikuwa takribani Sh. bilioni 423 na gawio Sh. 50 kwa hisa. Mwaka 2024 gawio likawa Sh. 65. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 bei ilikuwa imeshavuka tena Sh. 350.

Tunajifunza nini? Kwanza, faida ya mwaka mmoja siyo mshahara wa kudumu. Someni taarifa za miaka mitano, na ulizeni faida inatoka wapi na nini kinaweza kuikausha. Kwa benki ni mikopo mibovu; kwa kiwanda cha sukari ni miwa na sukari ya nje; kwa kampuni ya simu ni leseni na ushindani. Pili, fanyeni jaribio la nusu: je, faida ikipungua nusu, bei hii bado inavumilika? Mashine yetu ikibakiza Sh. 750,000 badala ya Sh. 1,500,000, kwa bei ya Sh. 6,000,000 bado inatoa Sh. 12.50 kwa kila Sh. 100. Inavumilika. Kwa bei ya Sh. 30,000,000 inatoa Sh. 2.50. Haivumiliki.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu: aliyenunua mwaka 2015 kwa fedha asiyoihitaji, akasubiri miaka minane, hakuangamia. Aliyenunua siku hiyo hiyo, hisa hiyo hiyo, kwa fedha ya kuezekea mwaka 2018, aliumia. Hatari haikuwa ndani ya kampuni peke yake. Nusu yake ilikuwa katika tarehe ambayo fedha ile ilihitajika.

HATARI ZISIZOONEKANA KWENYE HESABU

Ipo hatari ya kukosa mnunuzi, kama ilivyotupata. Soko letu bado ni dogo, na hisa za kampuni nyingine hupita siku nyingi bila kuuzwa hata moja. Bei iliyoandikwa gazetini siyo fedha mkononi.

Ipo hatari ya kudanganywa. Wengi mnakumbuka DECI. Watu waliambiwa wapande mbegu na kuvuna kwa muda mfupi, na baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji, hivyo waumini wakaamini. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli zake. Mpango ule haukuwa na mashine ya kusaga. Wa mwanzo walilipwa kwa fedha za waliofuata. Basi anayewaletea uwekezaji, hata akija na Biblia mkononi, mwulizeni: mashine iko wapi, na nani anaikagua? Dalali naye aulizwe leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Na ipo hatari ya nyumbani kwetu. Hisa za parokia zisiandikwe kwa jina la mwenyekiti wala mhasibu, hata awe mtu mwema kiasi gani. Mtu hufa, na warithi huja na cheti chenye jina la baba yao. Ziandikwe kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa.

TULICHOKUBALIANA

Tuliwatembelea wale walioandika barua, tukakaa nao siku mbili na taarifa za kampuni waliyoitaka. Mhasibu wao, mama aliyezoea kupiga hesabu za duka lake, ndiye aliyeshika kalamu. Walipofika kwenye jaribio la nusu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunanunua bei."

Tuligawa fedha zao katika vikapu vitatu kwa kufuata tarehe, na tunaziomba kamati zote zifanye vivyo hivyo. Kikapu cha kwanza ni fedha yenye kazi ndani ya miaka miwili, kama ile ya zahanati. Hiyo ibaki benki, hata kama inazaa kidogo. Kikapu cha pili ni ya miaka miwili hadi mitano. Hiyo inaweza kwenda kwenye hati fungani ambayo muda wake utaisha kabla ya kazi kuanza, kwa maana ukilazimika kuiuza kabla unaweza kupata hasara. Kikapu cha tatu ni fedha ambayo parokia haitaihitaji kwa miaka mitano au zaidi. Kwao ilikuwa sehemu ya kodi ya ukumbi. Hiyo peke yake ndiyo inayoweza kununua hisa, tena za kampuni zaidi ya moja, na baada ya hesabu zetu kuandikwa na kusainiwa na kamati nzima.

Fedha ya mkopo isiguse hisa kamwe. Na kwa wahisani wetu tunasema wazi: fedha mliyotoa kwa ajili ya kazi maalumu haitaingia katika hisa, bali itakwenda kwenye kazi hiyo. Kila kamati yenye kikapu cha tatu itasoma taarifa mbele ya waumini mara mbili kwa mwaka, bei ikipanda na ikishuka.

Ndugu zetu, hatusemi mzifukie talanta. Tunasema kwamba aliyeambiwa afanye biashara kwa mali ya bwana wake ataulizwa pia alifanyaje. Fedha hii ni ya yule bibi aliyetuuliza tulinunua nini. Mkiweza kumjibu kwa sentensi mbili anazozielewa, nunueni. Msipoweza, rudini mezani mkahesabu tena.