Teke Linalochelewa

Msikilizaji, kwa rika langu gemu ya kupigana ya Tekken haihitaji maelezo. Tuliijulia kwenye vibanda vya gemu mtaani: runinga moja, pedi mbili, na sheria moja tu, aliyeshindwa anapisha. Aliyemchagua Eddy Gordo na mateke yake ya kapoeira alizomewa, maana hata asiyejua kitu alibofya ovyo akashinda.

Kwa hiyo Desemba 2018 Sony walipotoa PlayStation Classic, kimashine cha kuchomeka kwenye runinga chenye gemu 20 ndani, Tekken 3 ikiwemo, wengi tuliona utoto unarudi. Bei ilikuwa karibu dola 100. Mwaka haujaisha, ikaporomoka hadi karibu 60. Ilistahili, na sababu ni hii.

Zamani runinga za Ulaya zilichora picha 50 kwa sekunde, za Japani na Marekani 60, na gemu nyingi zilizopelekwa Ulaya zikapungua mwendo. Runinga za leo hazina kikwazo hicho. Hata hivyo, Sony waliweka matoleo ya Ulaya ya gemu kadhaa, Tekken 3 mojawapo. Mkono uliozoea toleo la kasi unatambua papo hapo: unabofya, teke linachelewa. Katika gemu ya kupigana, hilo ni kosa lisilosameheka.

Je, tuache kununua mashine hizi ndogo za gemu za zamani? Hapana, nazitetea. Sega mwaka 2019 waliikabidhi mashine yao ndogo, Mega Drive Mini, kwa M2, mafundi wa Japani waliobobea katika gemu za zamani, na kazi ya mikono yao inaonekana katika gemu zote 42. Nintendo mwaka 2017 waliweka gemu 21 tu kwenye Super Nintendo yao ndogo, lakini mojawapo ni Star Fox 2, iliyokamilishwa miaka ya 1990 ikafungiwa kabatini bila kuuzwa. Na mkusanyo wa gemu wa Atari 50, wa mwaka 2022, unakukalisha na watengenezaji wenyewe wakisimulia walivyofanya kazi.

Kuhifadhi gemu za zamani kuna uzito. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipo tena sokoni. Mkusanyo mzuri unaziokoa chache, na mwanao anaweza kuzicheza.

Ninachokuomba, usinunue idadi. Kuna mashine za bei rahisi zinazojinadi kwa maelfu ya gemu. Ukizifungua, gemu ileile inajirudia kwa majina kumi. Na kwa kuwa PlayStation Classic na Super Nintendo ndogo hazitengenezwi tena, huenda ukaipata mojawapo mkononi mwa mtu. Mwambie aiwashe. Shika pedi, cheza raundi mbili kabla hujatoa hela, usikilize kidole chako kinasemaje.