Jicho Hufundishwa Kabla ya Mkono



Jioni hii napenda tuitazame pamoja picha ya namna moja, ingawa sina njia ya kuwaonyesha ila kwa maneno. Ni karatasi kuukuu, iliyogeuka manjano kwa uzee. Juu yake amechorwa mwanamume amesimama, mkono mmoja ameuegemeza juu ya fimbo ndefu, na uzito wa mwili wote umelala juu ya mguu mmoja. Hana nguo. Nyuma yake hapana nyumba, wala mti, wala hadithi yo yote. Karatasi kama hizi zilichorwa kwa wingi nchini Ufaransa, na kwa Kifaransa picha hiyo huitwa académie, jina lile lile la chuo kilichoifundisha.

Labda msikilizaji mmoja atauliza, “Mwalimu, ya nini kumchora mtu pasipo nguo?” Swali hilo ni la haki. Hawakufanya hivyo kwa utovu wa adabu. Waliamini kwamba asiyeijua mifupa na misuli hawezi hata kuichora kanzu vema, kwa kuwa nguo huufuata mwili kama maji yafuatavyo mfereji.

Chuo cha Mfalme cha Uchoraji na Uchongaji kilianzishwa mjini Paris mwaka 1648. Kilifutwa mwaka 1793, siku za mapinduzi, lakini mafundisho yake hayakufa. Katika karne ya 19 yaliendelezwa na shule iitwayo École des Beaux-Arts. Ngazi ya mafunzo ilikuwa na vidato vitatu. Kwanza mwanafunzi alinakili picha zilizokwisha kuchorwa au kupigwa chapa: jicho, sikio, mkono, kisha mwili mzima. Pili, alichora sanamu za jasi zilizofanywa kwa mfano wa sanamu za kale za Wayunani na Warumi. Nazo hazitikisiki wala hazichoki. Tatu, baada ya kuonekana amestahili, ndipo aliporuhusiwa kuingia katika chumba alimosimama mtu hai. Tena mpaka mwaka 1863 Shule hiyo iliwafundisha wachoraji kuchora tu; kazi ya rangi walijifunza nje, katika karakana za mabwana zao. Na wanawake hawakupokewa kabla ya mwaka 1897.

Vyombo vyao vilikuwa vichache: makaa au chaki nyeusi, karatasi iliyoviringwa kama kijiti ya kulainishia kivuli, na kipande cha mkate laini cha kufutia. Mchoraji aliweza kutumia timazi pia, kama mwashi ajengaye ukuta, apate kujua kama kisigino cha mguu uliobeba uzito kiko sawa chini ya shingo. Alinyosha mkono, akafumba jicho moja, akapima kwa kalamu yake kichwa kimeingia mara ngapi katika urefu wa mwili. Kazi hiyo si ya kubahatisha. Ni kazi ya kuona.

Lakini hapo pana mtego. Kijana aliyekaa miaka mingi mbele ya jasi hukutana na mtu hai mwenye shingo fupi na goti lililopinda kidogo. Mkono wake hutamani kumpa mtu huyo miguu ya sanamu. Huchora alijualo, si alionalo.

Watu waliosimama mbele ya wanafunzi hao, majina yao mengi yamesahauliwa. Mmoja twamjua kwa jina lake la kwanza tu: Joseph, mtu mweusi aliyetoka Saint-Domingue, nchi iitwayo sasa Haiti. Géricault alimchora katika picha yake kubwa ya mwaka 1819, ya watu waliovunjikiwa na chombo wakawa juu ya chelezo baharini. Ndiye apungaye kitambaa juu ya wenzake wote. Mwaka 1832 Joseph aliajiriwa katika Shule ile ya Paris. Fikirini basi: vijana waliolelewa na sanamu nyeupe wamwona mtu asiyefanana nazo. Aliyetaka kumgeuza Myunani hakujifunza neno. Aliyemtazama kama alivyo ndiye aliyepanda kidato cha tatu kwa haki.

Je, mafunzo makali kama hayo hayaui moyo wa mchoraji? Mtazameni Georges Seurat. Aliingia Shule mwaka 1878, mwenye umri wa miaka 18, chini ya mwalimu Henri Lehmann. Lehmann alifundishwa na Ingres, na Ingres alifundishwa na David. Hiyo ndiyo silsila yake. Mwaka uliofuata Seurat aliondoka kwenda kutumikia jeshini. Baadaye aliiacha mistari, akachora kwa kalamu nyeusi juu ya karatasi yenye kukwaruza, na watu wake hutokea gizani kama mtu ajaye njiani alfajiri. Hakuna mfupa uonekanao, wala msuli. Hata hivyo kila mtu amesimama juu ya miguu yake sawasawa. Alifariki mwaka 1891, hajatimiza miaka 32. Ngazi aliiacha, lakini kuona hakukumwacha.

Nina sababu yangu ya kuyasema haya. Zamani, nilipokuwa mwalimu kijana, niliwapa watoto kikombe wakichore. Mtoto mmoja alileta kikombe kisicho na mshikio. Nikamkosoa kwa wino mwekundu mbele ya wenzake. Nani asiyejua kwamba kikombe kina mshikio? Walipokwisha kutoka niliketi mahali pake. Mshikio ulikuwa umeelekea upande wa pili. Kutoka pale haukuonekana hata kidogo. Darasani siku ile ni yeye peke yake aliyechora alichokiona.

Kesho yake nilimwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Alinisikiliza kwa adabu. Lakini tangu siku ile, kila nilipomwekea kikombe, alikichora na mshikio wake, uonekane usionekane.

Basi, walimu wenzangu, nanyi mnaojifunza kazi hii, kabla hatujatia alama katika daftari la mtoto, twende kwanza tukaketi mahali alipoketi.

Kwaherini.