Mafua Yasiyokwisha na Maumivu ya Uso



Leo twapenda kusema nanyi juu ya maradhi ambayo wengi huyaita sainasi. Mgonjwa huziba pua, hutoka kamasi nzito, mashavu na paji la uso humuuma, na ainamapo, hata akisujudu katika sala, maumivu humzidi.

Sababu yake ni hii. Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vitupu: katika paji, katika mashavu, baina ya macho na nyuma ya pua. Kila chumba kina tundu dogo la kutolea uchafu puani. Mtu apatapo mafua, ngozi laini ya ndani huvimba, tundu huziba, na uchafu hukaa humo kama maji katika mtaro ulioziba wakati wa masika.

Wengi wetu tukiona hivyo hukimbilia dukani kununua vidonge vya kuua bakteria. Hilo si jema. Mara nyingi maradhi haya huletwa na virusi, na vidonge hivyo haviui virusi. Avimezaye bila haja huwazoeza bakteria dawa, hata siku ya haja isimfae.

Basi tufanyeje? Tupumzike, tunywe maji ya kutosha, tujitenge na moshi wa kuni na sigara. Tena tuoshe pua kwa kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi nusu kijiko cha chai. Maji yasiyochemshwa yasitumiwe: huko Karachi, Pakistan, wamekufa watu kwa amiba iliyopanda na maji puani hadi ubongoni. Wala msiwafukize watoto kwa sufuria ya maji ya moto, wasije wakaungua.

Wagonjwa wengi hupata nafuu kabla ya siku 10. Kwa hiyo hesabuni siku. Zikipita 10 bila nafuu, au mgonjwa akipata nafuu kisha akazidiwa tena, aende kituo cha afya. Mtoto atokaye kamasi inayonuka upande mmoja, huenda ametia ushanga puani. Mtu mzima, huenda jino lake la juu limeoza.

Lakini jicho likivimba, au mgonjwa akiona kitu kimoja kuwa viwili, au shingo ikikakamaa, au akili ikimpotea, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali iliyo karibu, Kivunge, Makunduchi au Mnazi Mmoja, kwani maradhi yamekaribia jicho au ubongo.

Walimu, yasemeni haya darasani. Nanyi masheha, yafikisheni barazani.