Wakati wa Kujiunga na Klabu ya Baiskeli

Hotuba ya halmashauri iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano mkuu wa mwaka



Katika mwaka huu halmashauri imeulizwa mara nyingi swali moja, na wanaouliza ni wa namna mbili. Wa kwanza ni vijana, nao husema: "Klabu ya baiskeli ipo mtaani kwetu, hutoka kila Jumapili alfajiri, je, tujiunge sasa, au tungoje mpaka tupate baiskeli nzuri na nguvu za kutosha?" Wa pili ni wazazi wao, nao husema: "Tutamwachaje mtoto aende Mtwapa kati ya malori, hakupeleka kitu wala hakuleta kitu?" Maswali yote mawili ni ya haki. Tumeonelea tuyajibu mbele ya wote, kwa kuwa baadhi ya vijana wameomba mkopo katika mfuko wa chama ili wanunue baiskeli, na fedha za mfuko ule ndizo zinazozika maiti wetu na kuuguza wagonjwa wetu.

Baiskeli si ngeni kwetu. Wazee wa Changamwe wanawakumbuka wafanyakazi wa bandari na wa reli wakienda kazini kwa baiskeli, na hata leo mikate na maji hufika milangoni kwetu juu ya magurudumu mawili. Lililo geni ni mtu kuiendesha kwa mazoezi na kwa kushindana. Wengi wetu huihesabu baiskeli kuwa chombo cha asiyejiweza, na kijana akionekana juu ya baiskeli ya thamani huchekwa. Twaomba tusiwacheke. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, nayo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika Tour de France ya 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu, akarudi na jezi ya kijani ambayo hupewa mwenye pointi nyingi kuliko wote. Mchezo huu umekwisha kuingia nyumbani kwa jirani zetu.

Sasa, wakati wa kujiunga ni upi? Methali zetu zenyewe zimegawanyika: mzee mmoja atakuambia kuwa haraka haraka haina baraka, na wa pili, aliyeketi mkeka mmoja naye, atakuambia kuwa chelewa chelewa utapata mwana si wako. Sisi tumewasikiliza wote wawili, na rai yetu ni hii: kijana asingoje nguvu, wala asingoje baiskeli ya fahari, lakini na angoje mpaka aweze kukitawala chombo chake.

Asingoje nguvu, kwa sababu nguvu hupatikana humo humo klabuni. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne, katika 2013, 2015, 2016 na 2017, alipelekwa na mama yake angali mtoto kwa David Kinjah, mwendesha baiskeli wa Kenya ambaye amewalea vijana wengi nyumbani kwake upande wa Kikuyu, katika kikundi cha Safari Simbaz. Mtoto yule hakwenda akiwa hodari. Alikwenda kufuata waliomzidi umri na mapafu. Na huko vijana hawafundishwi kukanyaga pedali tu, bali na ufundi wa kuitengeneza baiskeli. Hatumtaji kwa kuwa twatazamia kila mtoto wa Mtongwe awe bingwa wa Ufaransa. Twamtaja kwa kuwa wako vijana wetu wanaojizoeza peke yao mwaka mzima, kwa kuona haya ya kuachwa nyuma, nao hukaa na makosa yao bila mtu wa kuwaonya.

Lakini kukitawala chombo ni sharti. Waendeshao kwa kundi hufuatana karibu sana, gurudumu la mbele la huyu likiwa nyuma ya gurudumu la yule kwa umbali ambao pengine haufiki mita moja. Hufanya hivyo kwa sababu aliye mbele huukata upepo, na anayemfuata aweza kuokoa hata theluthi ya nguvu zake. Faida hiyo ina deni lake: mmoja akishika breki ghafula, au akiyumba kwa kukwepa shimo, huanguka yeye na walio nyuma yake, na nyuma ya hao pengine liko lori. Basi kabla ya Jumapili ya kwanza, kijana na ajaribiwe uwanjani na mtu mzima. Je, aweza kwenda mstari ulionyoka kwa mkono mmoja? Aweza kutazama nyuma bega likabaki mahali pake na baiskeli isiyumbe? Aweza kusimama kwa breki mbili pasipo kuteleza? Aweza kuendesha muda wa saa nzima na bado akili iko njiani? Akiyaweza hayo, yuko tayari, hata kama baiskeli yake ni ile nzito ya chuma iliyobeba mitungi jana. Asipoyaweza, hata baiskeli ya bei ya ng'ombe watano haitamwokoa.

Liko pia jambo la majira, na hapa wazee wetu waliosafiri baharini wanajua kuliko vijana. Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa; maji hufunika mashimo, na mgeni hawezi kujua lililo chini. Wakati wa kusi upepo hutoka upande wa kusini, na anayetoka Kisauni kwenda Mtwapa husukumwa mgongoni. Hujiona amekuwa farasi. Akigeuza, upepo ule ule humpiga usoni, jua limekwisha panda, na miguu imekwisha toa ilichokuwa nacho. Wako waliorudi na baiskeli juu ya matatu. Katika kaskazi, Januari hata Machi, taabu ni joto. Kwa hiyo twaona kwamba demani, Septemba hivi, pepo zinapotulia kabla ya vuli, ndio wakati mwema wa kuanza. Na Ramadhani ikiingia, anayefunga asiuchague mwezi huo kwa safari zake za kwanza.

Njia nazo si sawa. Wa Likoni akitaka kuendesha na wa Kisauni yampasa kungoja feri, kisha avuke kisiwa chote mpaka daraja la Nyali. Akifika, wenziwe wamekwisha ondoka. Heri atafute wenzi wa upande wake, waelekee njia ya Ukunda, hata wakiwa watatu tu. Wa Changamwe ana neno gumu zaidi, kwa kuwa pale malori ya makontena hayalali. Barabara ya Dongo Kundu, itokayo Miritini na kuvuka maji kwa madaraja ya Mwache na Mteza hata upande wa kusini, imewapendeza vijana kwa unyofu wake. Lakini juu ya madaraja marefu upepo wa ubavuni ni mkali, na magari huko hukimbia. Mwanafunzi asiende huko peke yake.

Basi wakati wa kujiunga wategemea na klabu yenyewe. Mzazi na aende alfajiri moja akaitazame. Je, yuko mtu mzima anayeendesha mwisho ili asiachwe mtu? Huwakagua breki na taa kabla ya kutoka? Pancha ikimpata mmoja, husimama wote? Klabu inayomwacha mnyonge Bamburi na kwenda zake, huyo mnyonge afadhali angoje nyingine. Kijana na aende nao mara mbili tatu kama mgeni kabla ya kutoa ada.

Tumeulizwa habari za binti zetu. Wapo wanaotaka, na hatukuona sababu ya kuwazuia, madhali yupo mwanamke mzima katika safari na mavazi ni ya stara yasiyoning'inia. Buibui likishikwa na mnyororo humwangusha mtu papo hapo. Tumeulizwa pia na wenzetu wa makamo walioambiwa na daktari wafanye mazoezi kwa ajili ya sukari na shinikizo la damu. Hao kwanza wamwulize daktari huyo huyo kama moyo wao utastahimili baiskeli, kisha waanze na safari fupi.

Yabaki ya mkopo. Halmashauri imekubaliana kwamba mfuko hautatoa fedha za baiskeli kwa mtu ambaye hajaendesha na klabu muda wa miezi mitatu, kwa chombo alicho nacho au cha kuazima. Wako watakaosema hili ni gumu. Lakini katika miezi hiyo atajua kimo cha baiskeli kimfaacho, atajua kuziba pancha mwenyewe, na huenda akagundua kwamba mchezo haumpendi. Na mfuko utakuwa haukupoteza. Kofia ya kujikinga, taa na pampu ni mbali: kwa hivyo mwombaji aweza kusaidiwa tangu siku ya kwanza, mradi amejaribiwa uwanjani kama tulivyoeleza.

Wanaotaka kujaribiwa wapeleke majina yao kwa katibu, kila mmoja pamoja na barua ya mzazi au mlezi akiwa hajatimiza miaka 18. Atakayekuja bila breki mbili zinazoshika atarudishwa kwa fundi kwanza.