Leseni Kwanza, Undugu Baadaye
Maneno ya Kamati ya Fedha katika mkutano mkuu wa mwaka



Kabla ya kufungua daftari la michango, tuna jambo la kuungama.

Miaka mitatu iliyopita tulimkabidhi mtu shilingi milioni 6 za bweni la wasichana. Alijiita mshauri wa fedha. Ni mtoto wa nyumbani, anasalimia kwa lugha yetu, misibani hakosekani. Aliahidi faida ya asilimia 10 kwa mwezi. Kwenye kamati tuko wahasibu wawili, lakini hatukumwuliza hata swali moja, kwa kuona aibu kumhoji ndugu. Alilipa miezi miwili, kisha simu ikazimwa. Bweni limeishia kwenye lenta. Fedha hizo tunazirudisha wenyewe, kutoka mifukoni mwetu, bado 1,400,000.

Hesabu ilikuwa wazi. Kwa asilimia 10 kwa mwezi, faida ikiachwa izae, laki moja inapita laki tatu ndani ya mwaka. Hata hati fungani za Serikali, riba yake hutajwa kwa mwaka. Na DECI ya mwaka 2009, watu walipopanda "mbegu", tulikuwa tunaikumbuka.

Tunasema haya kwa sababu wapo walimu wetu wanaostaafu mwaka huu, na mafao huvuta washauri wengi. Kabla ya kumwamini yeyote:

Kwanza, leseni. Washauri wa uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA). Usitosheke na karatasi anayokuonyesha. Iulize Mamlaka yenyewe.

Pili, nani anamlipa? Anayepata kamisheni kwa kampuni fulani si lazima awe tapeli, ila ujue kwamba ni muuzaji. Akuandikie analipwa nini na nani.

Tatu, fedha inaingia wapi? Ukiambiwa uitume kwenye akaunti yake binafsi au namba yake ya simu, ondoka.

Nne, haraka ya nini? Anayesema "mwisho leo" anaogopa usimwulize mwanao kesho.

Tena sikiliza yeye anakuuliza nini. Mshauri wa kweli atataka kujua madeni yako, ada za watoto, na lini utaihitaji fedha hiyo. Asiyeuliza hayo hajakushauri, amekuuzia.

Mwaka huu tunaomba milioni 18 za kupaua bweni. Zitakaa benki, akaunti ya chama, watia saini watatu, na taarifa ya benki itabandikwa ofisi ya kata kila robo mwaka. Mkiona kasoro, tuulizeni bila aibu. Sisi tuliona aibu kuuliza, na mabinti zetu bado wanatembea kwenda shule alfajiri gizani.

Karibuni tuchange.